Raba za kukimbilia milimani kwa mtu anayepanda mlima kwa miguu: unachukua namba yako ile ile, au unaongeza?

#1 Section58 (Nakuru)
Wadau, habari za jioni. Kuna jambo limeninyima raha tangu Jumapili.

Mimi ni mtu wa 42 tangu nilipoacha kukua. Viatu vya kanisani 42, ndara 42, gambuti 42. Miezi mitatu iliyopita nilinunua raba za kukimbilia njia za milimani, zile zenye meno chini, kwa sababu buti langu la zamani lilikuwa zito na lilinichosha kabla sijafika popote. Kampuni sitaitaja. Dukani nilizivaa, nikatembea hatua kama nane kwenye vigae, zikanikaa kama soksi. Nikalipa.

Menengai nimeenda nazo mara nne bila shida yoyote. Jumapili tukaenda Mlima Longonot. Kupanda hadi ukingo wa kreta, sawa. Kuzunguka ukingo wote, zile kilomita 7.2, sawa pia, ingawa kile kilele cha upande wa pili kilitutoa jasho. Tulipoanza kuteremka kurudi getini, kwenye lile vumbi laini kama unga na mitaro iliyochimbwa na maji ya mvua, vidole vikaanza kugonga mbele kila hatua. Nilifika chini nikitembea upandeupande kama kaa. Nyumbani nilipovua soksi, ukucha wa gumba la kulia ulikuwa na rangi ya biringanya, na wa kidole cha pili umeinuka kidogo, ukiubonyeza unahisi maji chini yake.

Leo nimerudi dukani nikajaribu 43 ya aina ile ile. Vidole vimepumua, lakini kisigino kinapwaya. Nikipanda ngazi kinachomoka. Kwa hivyo nikichukua 42 nitapoteza kucha, nikichukua 43 nitapata malengelenge kisiginoni. Nyinyi mnaopanda na raba mlipimaje?

#2 Nyar_Kajulu (Kisumu)
Pole sana kaka. Mimi sioni fumbo hapo. Kiatu ni kifupi.

Kiatu cha kanisani hakiteremki mlima. Ukivaa cha mlimani, simama wima, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha nyuma ya kisigino kiingie kidole cha mkono. Au ukiwa umefunga kamba, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa gumba la mkono. Si ncha ya gumba, upana wake. Na usinunue asubuhi. Mguu uliotembea mchana kutwa si ule ulioamka nao. Mimi nikienda Kibuye kutafuta mitumba ya mlimani naenda saa kumi, nikiwa nimeshazunguka soko lote.

Jambo la pili: achana na 42 na 43, angalia sentimita. Ndani ya ulimi wa kiatu kuna kibandiko kina UK, US, EU, na mwisho pameandikwa CM au JP. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiamini, maana ni urefu wa mguu, wala si namba iliyotungwa.

#3 ItenAsubuhi
Dada Nyar_Kajulu, kwa urefu nakubali nusu. Lakini soma tena alivyosema. Menengai mara nne hakuna shida. Longonot kupanda hakuna shida, kuzunguka hakuna shida. Shida imeanza kwenye mteremko tu. Kiatu kifupi kingemsumbua hata penye tambarare. Hapa mguu wote unateleza ndani ya kiatu kwenda mbele, na kinachouzuia usiteleze ni kamba. Buti lake la zamani lilikuwa linashika kifundo, raba haishiki. Akitaka raba imshike, lazima ajifunze kufunga.

Mkuu, tazama matundu mawili ya juu kabisa, yale yaliyo karibu na kifundo, ambayo watu wengi huyaacha wazi. Kamba ikifika tundu la kabla ya mwisho, usiivushe. Ipandishe kwenye tundu la mwisho la upande ule ule, iingie kutoka nje kwenda ndani, na usiivute yote, acha kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa kamba ya kushoto ipitishe ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto. Kabla ya kukaza, gonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma kabisa. Kisha vuta kuelekea chini na nyuma, si kuelekea juu. Utasikia kiatu kimekukumbatia kifundo. Funga fundo lako la kawaida.

Ukifika juu, kaa kwenye jiwe, fungua zote, funga upya hivyo kabla ya kuteremka. Dakika mbili tu.

#4 Section58
Hayo matundu ya mwisho ninayo kweli. Nilidhani ni ya kupitisha hewa. Nitajaribu leo kwenye ngazi za nyumbani na hizo 42, na kesho niombe nijaribu na 43.

#5 Gambuti_Daima (Tinderet)
Nimesoma nikacheka. Sisi huku tunapanda na kushuka milima ya chai kila siku na gambuti, soksi mbili nzito, na kucha zote kumi zipo. Babu yangu alitembea na akala za tairi hadi Londiani na kurudi. Hizi raba za rangi rangi ni za watu wa mjini.

#6 Koitobos_Mpole (Endebess)
Gambuti_Daima, usidharau wala usicheke, gambuti lina mahali pake. Nimepeleka wageni Elgon miaka mingi na msimu wa mvua wapagazi wengi huvaa gambuti, kwa sababu matope ya msituni yanameza raba. Lakini ukiteremka kutoka kilele cha Koitobos, mita 4,222, kwa gambuti, mguu unaogelea humo ndani. Wale wapagazi wamezoea, na huweka soksi nzito na wengine kitambaa mbele. Mgeni akijaribu anarudi na vidole vya huyu ndugu wa Longonot.

Niongeze hili ambalo halijaguswa: soksi. Watu huenda dukani na soksi nyembamba ya ofisini, halafu mlimani kwa sababu ya baridi wanavaa soksi nene, wakati mwingine mbili. Soksi nene inakula nafasi yote ile ya gumba la mkono aliyoisema dada. Section58, Longonot ulivaa soksi gani? Na dukani ulijaribu ukiwa na ipi?

#7 Section58
Dukani: soksi za ofisini, kweli. Longonot: nene za pamba, mpya, nilizinunua kwa ajili ya safari yenyewe.

#8 Koitobos_Mpole
Basi mimi sina la kuongeza. Pamba nene, mpya, imelowa jasho. Kiatu kilipungua ndani bila wewe kujua.

#9 ItenAsubuhi
Lakini alizunguka ukingo wote na soksi hizo hizo bila shida, mzee wangu. Narudia, ni mteremko.

#10 Tabibu_wa_Viungo (Kisumu)
Wadau, kazi yangu ni fiziotherapia na miguu naiona kila siku. Kabla ya viatu, kucha kwanza. Section58, usiutoboe mwenyewe na sindano wala pini iliyochomwa motoni, hata ukiambiwa na nani. Ukiwa unauma kwa kupwitapwita usiku, nenda kliniki, kuna njia safi ya kutoa ile damu. Kama hauumi, uache, utaota mpya polepole. Ukucha wa gumba la mguu huchukua mwaka au zaidi kukamilika. Na kabla ya safari ijayo, kata kucha mapema, moja kwa moja, usizungushe pembeni.

Sasa kiatu. Nyote mnazungumzia urefu, hakuna aliyezungumzia umbo. Pua ya viatu vingi inachongoka katikati, lakini mguu wa binadamu hauchongoki katikati. Sehemu pana kabisa ya mguu wa mtu ambaye hakuharibiwa na viatu ni pale kwenye vidole vyenyewe. Pua nyembamba inasukuma gumba kwenda ndani na kidole kidogo kwenda ndani pia. Mteremko ukija, vidole vinaingizwa kwenye kabari kama kuni kwenye jiko. Mtu wa namna hiyo ukimpa namba kubwa zaidi, umempa urefu asiouhitaji ili apate upana anaouhitaji, na kisigino ndicho kinacholipa. Hicho ndicho alichokieleza kwenye #1 neno kwa neno: 43 inapumua mbele, inapwaya nyuma.

Kisha kuna hili: ametaja ukucha wa kidole cha pili. Kaka, kidole chako cha pili ni kirefu kuliko gumba?

#11 Section58
Daktari, nimetazama sasa hivi. Ndiyo, kimezidi kidogo, kwenye mguu wa kulia zaidi. Miaka yote sijawahi kukiona.

#12 Tabibu_wa_Viungo
Mimi si daktari, lakini asante. Basi nafasi ya gumba la mkono ipimwe mbele ya kidole cha pili, si mbele ya gumba la mguu. Jaribu hivi: weka karatasi sakafuni, simama juu yake kwa mguu mmoja, uzito wote, mtu mwingine akuchoree kalamu ikiwa wima. Kisha toa ile soli laini ya ndani ya kiatu uiweke juu ya mchoro. Sehemu ya mchoro itakayotoka nje ya soli ndiyo inayofinywa.

#13 Nyar_Kajulu
Hili la kutoa soli ya ndani nalifanya Kibuye kila mara, nalithibitisha. Wauzaji wengine hawapendi, lakini ukiomba kwa heshima wanakubali. Unasimama juu yake, unaona mwenyewe vidole vinaishia wapi. Tena soli ya ndani ya mtumba ina alama za vidole vya aliyetangulia. Ukiona shimo la gumba lake liko mbele kuliko lako, jua alikuwa na mguu mrefu na kiatu kilimbana pia.

#14 Kaka_Meru (Arusha)
Salamu kutoka kwa majirani. Kwanza niulize, Wakenya, hicho mnachokiita raba ni kiatu cha mpira au ni kiatu cha kukimbilia? Maana huku ukisema raba mtu anakuletea kitu cha kufutia penseli.

Kwenye mada. Niliwahi kushuka kutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita kama 3,100, siku moja. Kucha mbili zilibaki kwenye soksi. Nilikuwa na buti la ngozi la kupimwa vizuri, kubwa kwa namba moja, limefungwa na kiongozi mwenyewe. Kwa hiyo msimwambie ndugu yetu kwamba ukipata namba sahihi mambo yamekwisha. Mteremko mrefu ni mteremko mrefu. Kilichonisaidia mara ya pili ni namna ya kushuka: hatua fupi, magoti yamelegea, na mkongojo miwili. Ukishuka kwa hatua ndefu na mguu umenyooka, kila hatua ni nyundo.

#15 ItenAsubuhi
Kaka Meru, raba ni raba. Za kufutia ni futio. Karibu Kenya. Na mikongojo ni *miwili* au *mkongojo mmoja*, wewe ndiye unatoka kwenye Kiswahili sanifu.

#16 Kaka_Meru
Hapo umenipata, mkuu. Mikongojo miwili.

#17 Fundi_Kibuye
Hamjambo. Nashona na kurekebisha viatu tangu 1998, na uzi huu umenivuta. Nianze na kusahihisha dada yangu Nyar_Kajulu kwenye #2, kwa upendo.

Sentimita ni nzuri, nakubali, lakini wateja wangu wengi husoma UK, na hapo ndipo wanapopotea. Chukua mguu wa sm 27. Kibandiko cha Nike ya wanaume kitasema US 9, UK 8, EU 42.5. Cha Adidas kwa sm 27 hizo hizo kitasema US 9, UK 8.5, EU 42 na theluthi mbili. Mguu mmoja, namba mbili za Uingereza. Mtu anayesema "mimi ni UK 8" bila kutaja kampuni hajasema kitu.

Na Section58, hapo ndipo jibu lako linaweza kuwa limejificha. Umetoka 42 ukaruka hadi 43. Katikati kuna nusu. EU 42 kwa kampuni hizo ni sm 26.5, na 42.5 au 42⅔ ni sm 27. Duka lako huenda halikuwa na hiyo ya katikati, au hawakujisumbua kuitafuta. Ulivyoeleza, moja ikibana mbele na nyingine ikipwaya nyuma, mimi ningeitafuta nusu kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Lakini hata sentimita hazisemi upana. Kiatu hushonewa juu ya kalibu, ule mfano wa mguu wa mbao au plastiki. Kila kampuni ina kalibu zake. Salomon wengi wanajulikana kwa kalibu nyembamba inayoshika kisigino vizuri. Altra wao wametengeneza pua pana yenye umbo la mguu, na kwa viatu vyao vingi kisigino na vidole viko kimo kimoja. New Balance hutoa aina moja kwa upana tofauti: D ni wa kawaida wa mwanamume, 2E ni mpana, 4E mpana zaidi. Ukiona 2E kwenye kibandiko cha mtumba, na mguu wako ni kama wa Tabibu alivyoeleza, usikiache.

#18 Mama_Watatu (Eldoret)
Fundi umenikumbusha machozi yangu. Viatu vya wanawake hushonwa vyembamba, upana wao wa kawaida ni B. Mimi baada ya mtoto wa pili mguu uliongezeka na haukurudi tena. Niliteseka miaka miwili na raba za kike za waridi, kidole kidogo kinachubuka kila nikienda Kaptagat. Siku moja nikavaa za mume wangu kwenda kukata majani ya ng'ombe, nikatembea kilima chote bila kukumbuka kwamba nina miguu. Tangu hapo nanunua za kiume, namba ndogo. Kisigino kinapwaya kidogo, hapo ndipo fundo la ItenAsubuhi linanisaidia. Akina dada msione haya. Hakuna anayesoma kibandiko chako mlimani.

#19 Nyar_Kajulu
Fundi, nimekubali kusahihishwa. Mama Watatu, ubarikiwe.

#20 Mlima_ni_Wetu
Mimi naona nyote mnazunguka mbuyu. Sisi watu wa huku tumekulia miguu mitupu, vidole vimetanuka, na viatu hivi vimetengenezwa kwa kalibu za watu wa mbali. Hata wataalamu wa Harvard walikuja Bonde la Ufa wakaandika kwamba Mkenya aliyekulia bila viatu anakanyaga kwa mbele ya mguu, si kwa kisigino. Suluhisho ni kuvaa kiatu chembamba kabisa au kwenda peku.

#21 Tabibu_wa_Viungo
Mlima_ni_Wetu, uchunguzi huo wa Daniel Lieberman na wenzake ulitoka 2010 na ulihusu *kukimbia*. Mwaka 2013 ulitoka mwingine, wa Hatala na wenzake, kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya ambao nao wamezoea kutembea peku. Wengi wao wakikimbia mwendo wao wa kawaida wa masafa marefu walitua kwa kisigino. Kwa hiyo usiseme "Mkenya". Na hakuna hata mmoja kati ya hizo mbili unaohusu mtu anayeteremka Longonot akiwa na maji lita tatu mgongoni.

Kuhusu vidole kutanuka kwa waliokulia bila viatu, hilo naliona kwa macho yangu kliniki na nakubaliana nawe. Ila mtu aliyezoea kiatu chenye kisigino kilichoinuka akihamia kiatu bapa kwa siku moja, misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino vitalia. Ahamie polepole, wiki kwa wiki.

#22 Mlima_ni_Wetu
Sawa, nimeelewa la kukimbia. La kalibu bado nasimama nalo.

#23 Mwalimu_Shinyalu
Mulembe. Huku kwetu Kakamega vumbi la Longonot hatulijui, sisi tunajua maji. Mvua inakaribia mm 2,000 kwa mwaka, mizizi imelala njiani kama nyoka, na ukitoka kilima cha Lirhanda asubuhi umande peke yake umekulowesha hadi magotini.

Nawaambia kitu kuhusu kukaa kwa kiatu ambacho hakitajwi dukani: kiatu kilicholowa si kiatu ulichonunua. Nilikuwa na raba zenye utando wa Gore-Tex, nikadhani nimemaliza matatizo. Siku ya kwanza nilivuka kijito, maji yakaingia kwa juu, kwenye shingo ya kiatu, na hayakutoka tena. Utando unaozuia maji kuingia unayazuia kutoka vilevile. Nilitembea saa tatu na ndoo mbili ndogo. Ngozi ikawa nyeupe na laini kama ugali wa jana, ikachubuka pale pale ambapo siku kavu haikuwahi kuguswa. Sasa navaa raba za wavu zisizozuia maji kabisa. Zinalowa upesi, lakini nikipiga hatua ishirini maji yametoka, na soksi za sufu au za nailoni, kamwe si pamba. Mguu mkavu ninaupata nyumbani.

Wanafunzi wangu wanaokwenda na raba za shule za turubai wananishinda kila safari.

#24 Gambuti_Daima
Mwalimu, gambuti lingekuweka mkavu.

#25 Mwalimu_Shinyalu
Hadi kijito kipite juu ya gambuti, ndugu yangu. Nimeshaona.

#26 Kaka_Meru
Kuhusu viatu vya turubai, Mwalimu hajakosea. Yule bibi wa Marekani, Emma Gatewood, mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alitembea njia yote ya Appalachian peke yake, na alichovaa miguuni ni raba za Keds.

#27 Koitobos_Mpole
Na huyo bibi alivaa jozi kadhaa zikaisha njiani. Tusisahau kwamba kiatu kinachakaa. Section58 amesema raba zake ni mpya, lakini wanaonunua mitumba wasikilize Fundi kabla hawajapanda Elgon. Niliwahi kuwa na mgeni ambaye soli zote mbili zilibanduka siku moja, karibu na mapango, tukazifunga kwa kamba ya hema.

#28 Fundi_Kibuye
Mzee Koitobos, hilo naliona kila mwezi. Buti linaonekana jipya, ngozi inang'aa, meno ya soli yote yapo, kwa sababu mwenyewe aliliweka kabatini miaka kumi. Ile soli ya kati ya poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole hata bila kuvaliwa. Unakanyaga mara ya kwanza, inamomonyoka kama mandazi ya juzi. Kabla ya kulipa, kunja kiatu kwa nguvu, kisha bonyeza ukucha kwenye soli ya kati, pembeni. Ikipasuka nyufa ndogo au ikiacha unga kidoleni, rudisha. Raba nyingi zina povu la EVA, hilo halimomonyoki hivyo, lakini linakauka na kuwa gumu. Bonyeza kwa gumba: likirudi taratibu, bado lina uhai. Likikataa kubonyea kama kipande cha mti, kiatu kimekwisha hata kama kinang'aa.

Na mtu asiniletee kiatu kifupi akiniambia nikirefushe. Upana naweza kuongeza kidogo, kwa ngozi, nikikiacha kwenye kalibu usiku mzima. Wavu na plastiki za raba hizi hazivutiki. Urefu hauongezwi na fundi yeyote.

#29 Jirani_wa_Riat
Nimefuatilia kimya. Kwa wanaotaka kujaribu kiatu kipya bila kwenda mbali: Riat hapa Kisumu ina mteremko wa kutosha kukuambia ukweli ndani ya nusu saa, na ukigundua kinagonga, uko karibu na barabara. Kit-Mikayi ni fupi mno, kule unapanda mawe tu upige picha.

#30 Nyar_Kajulu
Kit-Mikayi usiiseme vibaya, omera, pale ni mahali pa heshima na watu huenda kuomba. Lakini kwa kupima kiatu, kweli Riat. Au hata lami ya mteremko wa Kajulu, nenda chini kwa kasi dakika kumi.

#31 ItenAsubuhi
Kwa mtu wa Nakuru asiye na muda: ngazi za ghorofa tatu, kushuka tu, mara kumi, na mkoba una maji mgongoni. Kama vidole havijagusa, kiatu kimefaulu.

#32 Section58
Wadau, nimerudi na asanteni wote. Ripoti yangu ni hii.

Fundo la ItenAsubuhi na 42 zangu, ngazi za nyumbani na mkoba wa kilo sita: afadhali sana, mguu haukuteleza kama mwanzo. Lakini kidole cha pili cha kulia bado kiligusa mara ya saba hivi. Soksi nilivaa nyembamba za nailoni, si zile nene. Kwa hiyo sijui ni fundo lililosaidia au ni soksi, nilibadilisha vyote pamoja.

Nilitoa soli ya ndani nikasimama juu yake. Urefu uko karibu, upana kidole kidogo kimetoka nje kidogo, kama unene wa kalamu. Tabibu, nimekukumbuka.

Kibandiko: EU 42, CM 26.5, kama Fundi alivyosema. Asubuhi hii mke wangu amenipima. Mguu wa kushoto sm 26.3. Wa kulia, hadi ncha ya kidole cha pili, sm 26.9. Sikujua kabisa kwamba miguu yangu haifanani. Nimepiga simu dukani, 42⅔ wanayo moja, wameniwekea hadi Jumamosi. Ila kwa sm 26.9, nusu hiyo si itanibana tena mteremkoni?

#33 Koitobos_Mpole
Chukua, na soksi nyembamba.

#34 Tabibu_wa_Viungo
Usichukue. Tafuta kwanza pua pana zaidi kwa urefu huo huo.

#35 Fundi_Kibuye
Kwanza niulize kabla hujalipa. Alikupima umesimama au umekaa?

#36 Section58
Nimekaa kitandani, ndiyo nimeamka.

#37 Nyar_Kajulu
Kaka! Asubuhi, na umekaa?

#38 Fundi_Kibuye
Simama, uzito wote mguuni, jioni ukitoka kazini. Kisha utuandikie hiyo namba. Duka lisubiri.